Jina Tuliloliokota Njiani

Nyumba ya Posta ya Zamani,
Skelbeck.
21 Septemba, 1986.

Mdogo wangu mpendwa Avis,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na Leonard na watoto, na huyo mjukuu mpya ambaye mpaka leo sijaambiwa anaitwa nani. Goti la Leonard linaendeleaje? Limekubali dawa, au bado anapanda ngazi huku akiilaumu serikali? Na wewe kifua chako ukiangalie, maana najua baridi ya huko Kanada haina adabu, na wewe hujawahi kuvaa skafu bila kusukumwa.

Mimi mwili ni mzima. Nilitaka kuandika "sisi huku hatujambo" kama Mama alivyotufundisha, nikakumbuka kwamba hao sisi ni mimi na redio, na redio yenyewe ina wiki inakoroma. Yule mbwa wangu, Tip, alikufa mwezi wa Juni. Sikukuandikia kwa sababu niliona aibu kumlilia mbwa kwenye barua ya ng'ambo. Majani ya kondoo yamekatwa kwa kuchelewa, maana mvua haikutupa hata siku tatu za mfululizo, na kondoo wa Fawcett waliingia tena bustanini kwangu wakamaliza kabichi zote.

Tangu posta ifungwe, huu ni mwaka wa tatu, nyumba imekuwa kubwa mno. Mwanzoni watu walikuwa bado wakiusukuma mlango kwa mazoea, nami nikifurahi kuwaambia tumefunga na kuwaweka hapo mlangoni nusu saa nzima kwa maneno. Sasa wamezoea. Kuna siku, Avis, jioni inafika ndipo natambua kwamba sijatumia sauti yangu tangu asubuhi, na nikijaribu kusema neno inatoka kama ya mtu mwingine. Siyaandiki haya ili unionee huruma. Nayaandika ili ukifika kwenye yale makubwa ujue nilikuwa nimekaa katika hali gani nilipoyatenda.

Kila Septemba nakuletea habari za mkutano wa Umoja wa akina Ellergarth: nani alikuja, nani kanenepa, nani alileta keki mbichi katikati. Mwaka huu pia nitakuletea, ila uwe na subira, kwa sababu nimeamua kuanza mwanzo. Mengine unayajua, na mengine ulidhani unayajua.

Unayakumbuka maonyesho ya kilimo ya mwaka thelathini na nane. Wewe ulikuwa na miaka kumi, mimi kumi na sita. Baba alikuwa na kondoo wachache tu wa kujiliwaza baada ya kazi ya machimbo, lakini mwaka ule alipeleka dume moja, akaliogesha mwenyewe na kulichana sufu mpaka Mama akaona wivu. Mzee Ellergarth wa Juu, baba yake Lionel, akapita na rafiki zake, akasoma kadi iliyofungwa kwenye zizi letu, "Isaac Ellergarth, Skelbeck". Akacheka. Akasema, kwa sauti iliyofika mpaka kwenye hema la chai, kwamba kuna akina Ellergarth waliozaliwa na jina lao, na kuna wengine waliliokota njiani. Baba alivua kofia, akaivaa tena. Tuliporudi alitutangulia maili zote nne bila kugeuka, na wewe ukamwuliza Mama jina huokotwaje, Mama akakuambia ufunge mdomo wako kabla hajaufunga yeye.

Jina lenyewe, kama Baba alivyokuwa akituhadithia, lilikuwa la mahali kabla ya kuwa la watu. Kule juu bonde linakokwisha palikuwa na shamba moja lililoitwa Ellergarth, yaani ua uliozungukwa na ile miti inayopenda kusimama majini. Ni neno la kale la watu waliovuka bahari ya kaskazini wakaja na ng'ombe wao, hata kanisa halijajengwa. Leo zimebaki kuta tatu na mahali pa moto. Akina Ellergarth wote duniani, na hawafiki mia tatu, wanasema walitoka pale. Wa Juu wana majina yao yameandikwa, baba kwa mwana, kwa miaka mia nne. Sisi wa Chini tulikuwa tunaanzia kwa Christopher, aliyefunga ndoa hapa Skelbeck mwaka 1766, na nyuma yake hakuna kitu. Katoka wapi, mtoto wa nani, hakuna aliyejua. Wa Juu walitucheka kwa hilo.

Ulipokwisha kwenda Kanada, nikaanza kumtafutia Christopher baba. Posta ilifungwa mchana kila Jumatano, na Jumatano zangu zote zikaenda kwenye kile chumba cha nyuma ya kanisa, kasisi akinifungulia sanduku la chuma lenye vitabu vya ubatizo na mazishi na kunikumbusha kila mara kwamba ni penseli tu, kalamu ya wino marufuku. Miaka mingapi sijui. Vidole vikafa ganzi, macho yakaniuma, na mwaka sitini na sita nikampata: Christopher, mwana wa Thomas Ellergarth wa Ellergarth, kabatizwa Aprili 1741. Umri ulikaa sawasawa. Nilirudi nyumbani nikikimbia, mwanamke mzima wa miaka arobaini na minne, na kofia nikaiangusha pale darajani nisirudi kuiokota.

Baba alikuwa kitandani tayari, vumbi la machimbo limemla mapafu. Akaisoma ile nakala, akaomba miwani, akaisoma tena. Akataka niibandike ukutani mkabala na kitanda. Lionel, ambaye baba yake alikuwa ameshazikwa, akaja mwenyewe kumpa Baba mkono, akamwita binamu. Ulitumiwa picha, unayo. Hukutumiwa aliyoniambia Baba mwaka uliofuata, wiki moja kabla hajafa. Aliniambia kwamba wewe umeolewa na jina umeliacha, ni haki yako, kwa hiyo mimi ndiye niliyebaki nalo, na nilitunze.

Nikalitunza. Lionel alipoanzisha Umoja nikawa katibu. Barua zikaanza kuja kutoka Australia, Afrika Kusini, hata kwenu huko. Nilikuwa nikipanga barua za watu wengine miaka yote, sasa ikawa kila gunia likifunguliwa mna yangu. Bibi Verna wa Perth, ambaye ni wa Chini kama sisi, alikuwa akiniandikia kila mwezi na kuniita shangazi, ingawa ananizidi umri. Na Jumamosi ya pili ya Septemba watu arobaini huingia ukumbini, na kila mmoja anakuja kwangu kwanza. Siku moja katika mwaka, Avis. Ningeweza kuishi siku nyingine zote kwa ajili ya hiyo moja, na kwa kweli ndivyo nilivyoishi.

Sasa kama umesimama, kaa.

Zamani kasisi wa kila parokia alitakiwa kunakili kitabu chake kila mwaka na kuipeleka nakala kwa askofu. Kitabu chetu cha mazishi kina kurasa zilizoliwa na unyevu, kuanzia 1739 mpaka 1744, hazisomeki hata kidogo. Hakuna aliyezijali, kwa kuwa tuliyemtaka tulikuwa tumempata. Lakini unanijua, siwezi kuona pengo nikalala. Februari ya mwaka 1972 nikapanda treni mpaka mji wa askofu kwenda kuliziba. Nakala yake ilikuwa safi kabisa. Ikasema: Christopher, mtoto mchanga wa Thomas Ellergarth wa Ellergarth, amezikwa katika sanda ya sufu kama sheria inavyotaka, tarehe tano Julai, 1741.

Alikuwa na wiki kumi na moja. Yule aliyeoa mwaka 1766 hakuwa yeye. Nilikuwa nimemchukua mtoto aliyelala kaburini nikampa mke na watoto tisa, na mmoja wa hao tisa nikamfanya babu yetu. Ni kosa la mwanafunzi wa siku ya kwanza: kabla hujampa mtu ukoo, hakikisha kwanza hakuzikwa. Nililijua hilo vizuri, na nilikuwa nikiwafundisha wengine kwa barua.

Nikafunga kitabu, nikamrudishia mhudumu, nikamshukuru. Nikala mkate wangu stesheni. Nikarudi nyumbani na sikumwambia mtu yeyote, si Lionel, si wewe. Nilijifariji kwamba labda Thomas alipata mtoto mwingine akampa jina la marehemu, maana wengi walifanya hivyo, na kina Christopher walikuwa tele bondeni siku zile. Nikatafuta. Thomas na mkewe hawakupata mtoto tena. Basi nikalikalia hilo neno miaka kumi na minne, na kila Septemba nikasimama mbele ya watu nikiwaonyesha ule mti wa ukoo uliochorwa kwa mkono wangu.

Mwaka huu Umoja ulikata shauri kuweka bamba la jiwe kanisani, lenye majina kuanzia Thomas mpaka watoto wa mwisho wa pande zote mbili. Nikapewa kazi ya kumwandikia fundi majina. Nilipofika kwa Christopher nikaandika, nikafuta, karatasi ikatoboka. Nikasema, basi angalau nijue huyu mtu alikuwa nani. Mwezi wa Mei nikaenda kwenye ofisi ya nyaraka ya kaunti nikaomba karatasi za wasimamizi wa maskini. Zamani mzee aliyeishiwa nguvu akiomba msaada wa parokia alihojiwa kwanza ni wa wapi, wasije wakamlisha mtu ambaye ni mzigo wa wenzao. Christopher walimhoji mwaka 1804.

Wakamwuliza jina. Akasema anaitwa Christopher, na jina la baba hakuwahi kuambiwa. Wakamwuliza, basi hilo la Ellergarth kalitoa wapi. Akasema alipokuwa na miaka kama ishirini alisimama kwenye gulio la vibarua la Pentekoste, akachukuliwa kwa kazi ya kondoo na Thomas wa Ellergarth. Na kwa kuwa watu wa bonde hili humwita mtu kwa shamba anakolala, wakamwita Christopher wa Ellergarth, naye akaitika. Siku ya ndoa yake kasisi alikuwa mgeni kutoka kusini, hajui desturi za huku, akalishika jina la shamba akalifanya la ukoo. Yeye mwenyewe kusoma hakujua. Aliweka alama ya msalaba pale alipoonyeshwa kwa kidole.

Nilicheka peke yangu mle ofisini mpaka wakanitazama. Mimi, Avis, niliyepanga barua za bonde hili miaka ishirini na minane kwa majina ya mashamba! Huku ukiuliza nyumba ya Fawcett utaulizwa Fawcett yupi, lakini ukisema Jack wa High Birks hata kipofu atakufikisha. Jack mwenyewe nusu ya watu hawajui ukoo wake. Mimi ndiye niliyepaswa kulifikiria hilo tangu siku ya kwanza, na sikulifikiria, kwa sababu sikutaka. Na yule mzee wa maonyesho alisema kweli tupu bila kujua anasema nini. Tuliliokota njiani.

Mkutano ulikuwa tarehe kumi na tatu. Bamba lilikuwa limeshawekwa ukutani kanisani, na fundi alikuwa amechonga majina ya ule mti wa zamani aliopewa na Lionel, maana mimi nilikuwa namzungusha, leo kesho, leo kesho. Lilifunikwa kitambaa, lifunuliwe saa tisa. Saa nane, watu wakiwa ukumbini na sandwichi zao za nyama na keki ya zabibu na kipande cha jibini, nikaomba kusema neno. Wakapiga makofi, wakidhani natoa hotuba ya shukrani. Nikawaambia yote, kwa tarehe, na karatasi zote mbili nikaziweka mezani wasome. Nikawaambia pia tangu lini nilijua.

Hakuna aliyefoka. Ningependa mtu angefoka. Kilichosikika ni birika kubwa la chai likichemka, kisha mtu mmoja akasema pole pole kwamba loo, ni mambo ya kuvutia sana. Unawajua watu wetu. Wakaanza kunipisha kwa adabu. Bibi Verna peke yake ndiye aliyesema la moyoni. Alikuwa amevuka dunia nzima kuja kuligusa lile jiwe. Aliniambia ningemwambia kabla hajakata tiketi, hakuniita shangazi tena, akaenda kukaa kwenye gari.

Lionel, ukumbuke, alikuwa dalali wa mnada wa kondoo maisha yake yote, na sauti yake hufika ng'ambo ya mto. Safari hii aliishusha kabisa. Alisema kwamba Umoja unanishukuru kwa uaminifu wangu, kwamba kitambaa kitabaki mahali pake mpaka kamati ikae, na kwamba kwa kuzingatia utumishi wangu wa muda mrefu anapendekeza nifanywe mwanachama wa heshima. Wakainua mikono wote. Mwanachama wa heshima, Avis, wa ukoo wa baba yangu. Nikasema ahsante. Wakaenda kupanda kule kwenye magofu kama kila mwaka, nami nikabaki nikiosha vikombe. Nilivihesabu mara tatu bila sababu.

Lionel alirudi kabla ya wenzake, aje kukunja viti. Si mtu mbaya. Alisema baba yake angefurahi leo, lakini yeye hakufurahi. Akasema kwamba hakuna mwingine katika Umoja mzima ambaye angefunga safari kwenda kusoma nakala za askofu, na ningeweza kunyamaza mpaka nife na jina likabaki letu. Akaniuliza, kwa nini sasa? Nilimwambia vikombe vingine viko kule dirishani, aniletee. Sikumjibu kwa sababu jibu si lake. Ni lako.

Unamkumbuka Rowland Capstick, fundi wa kuta za mawe. Najua unamkumbuka kwa ubaya, na ubaya huo niliupika mimi. Mwaka ule wa 1972 nilikuandikia kwamba aliniposa kisha akaniacha kwa ajili ya mjane wa ng'ambo ya mlima. Wewe na hasira zako ukamwandikia barua ukamchambua kama karanga, ukaniletea nakala ili nikusifu, nami nikakusifu. Hakukuwa na mjane. Rowland hakuniacha.

Alikuja Oktoba ile, siku aliyomaliza kuujenga upya ukuta wa nyuma ya posta. Alikuwa ameosha mikono mpaka kwenye viwiko. Akaniambia anataka tuoane, kwamba tumeshakuwa watu wazima na hana maneno mengi. Nikamwambia akina Capstick wamejaa bonde zima, lakini Ellergarth wa Chini hapa bondeni nimebaki peke yangu, na Baba aliniachia jina nilitunze. Akafikiri, unajua alivyokuwa hana haraka, akasema kama taabu ni jina tu, basi yeye ataitwa Ellergarth, halimpunguzii kitu, watu waite watakavyo, bora mimi nikimwita asikie. Nikakasirika. Nikamwambia jina si koti, nivue mimi uvae wewe. Nikamwambia jina mtu huzaliwa nalo. Nilimwambia hivyo mwezi wa Oktoba, mdogo wangu, na nakala ya askofu nilikuwa nimeisoma Februari.

Hakubishana. Alichukua kofia yake, akaniuliza kama ukuta umenipendeza, nikasema ndiyo, akaondoka. Nikakudanganya wewe kwa sababu ungeniuliza nimepata faida gani kumkataa mtu mwema, na sikuwa na la kusema. Barua yako aliipata. Hakuja kuniuliza, hakujitetea kwa mtu yeyote, akaliacha bonde zima limwone kama nilivyomchora. Na kila asubuhi, mpaka posta ilipofungwa, aliingia akanunua stempu moja. Moja tu. Miaka kumi na mmoja. Nilidhani ana mtu anayemwandikia, na nilikuwa nikimkatia ile stempu kwa ubaridi, kumbe naona wivu.

Alikufa Februari mwaka huu. Sikukuandikia hilo pia. Kanisani nilikaa nyuma, pale wanapokaa watu ambao hawahusiki. Mwezi wa Aprili mpwa wake, Beryl, akaja na kopo la biskuti alilolikuta chini ya kitanda chake. Mlikuwa na barua yako, imekunjwa vizuri, na stempu, zote, hakuna hata moja iliyobandikwa mahali. Beryl hakujua maana yake. Alidhani labda mimi wa posta nitajua zinarudishwaje. Nililia mbele yake mpaka akaenda mwenyewe jikoni kutafuta chai.

Mwezi uliofuata ndipo nilipokwenda kaunti, nikasoma kwamba wakamwita, naye akaitika. Basi. Sikuweza tena. Mwanamume mmoja asiye na jina alichukua la shamba akaishi nalo, akaoa, akazaa tisa. Mwingine aliyekuwa na jina lake zuri alikuwa tayari kuliacha kwa ajili yangu, nami nikamfukuza kwa ajili ya kitu ambacho hata changu hakikuwa. Kama ningelinyamazia lile bamba, ingekuwa nimemkataa mara ya pili.

Nisamehe, Avis. Nilikufanya umtukane mtu asiye na hatia, na barua yako aliilalia miaka kumi na minne. Ukinikasirikia una haki, ila tafadhali ukasirike kwa kuniandikia. Usinyamaze.

Na sasa ombi, ambalo ndilo lililonifanya nishindwe kukuficha zaidi. Juzi Beryl alikuja tena, amesikia ya ukumbini. Alileta karatasi ya makaburi. Kumbe Septemba ile ya 1972, kabla hata hajaja kuniposa, Rowland alikuwa ameshajiandikisha kaburi la watu wawili, na hakulirudisha. Walipomzika walichimba kina cha wawili, yeye akawekwa chini. Beryl anasema nafasi ya juu ipo, na kwake yeye hakuna neno. Kasisi naye anasema hana kipingamizi, lakini ndugu yangu wa karibu zaidi ni wewe, na nisipokuwa na barua yako ya kukubali wataniweka kwa Baba na Mama. Nawapenda Baba na Mama. Nimekaa nao maisha yangu yote. Niandikie barua hiyo, mdogo wangu. Najua ukifika hapa mara ya kwanza utasema hapana. Kunywa chai, usome tena, ndipo ujibu.

Mpe Leonard mkono wangu, na watoto wote uwabusu mmoja mmoja kwa ajili yangu. Ukipata picha mpya nitumie, hata ikiwa umefumba macho. Mungu awalinde na theluji ya huko. Nakomea hapa kwa sababu gari la barua hupita saa kumi na siku hizi halingoji mtu, hata mimi.

Nimesahau kukuambia hili. Kwenye jiwe la Rowland pamebaki nafasi ndogo chini ya jina lake, na fundi anataka kuipima, kwa hiyo Beryl aliniuliza nitahitaji herufi ngapi. Nilimwambia nne.

Dada yako akupendaye,

Enid